Swali la lugha: Nakisi ikipungua, deni nalo limepungua?

SWALI: Natayarisha taarifa za habari za redio, na karibu kila wiki hupokea habari za Marekani kuhusu matumizi ya serikali, kupunguza kodi na deni la taifa. Juzi niliandika "Marekani yapunguza deni". Mhariri akafuta, akaandika "yapunguza nakisi". Alisema hayo ni mambo mawili lakini hakueleza zaidi. Wenzangu wengine husema "upungufu wa bajeti". Naomba ufafanuzi, pamoja na tofauti ya kodi, ushuru na tozo, na kama "msamaha wa kodi" ni sawa na "punguzo la kodi".

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, na kosa alilokufutia ndilo linaloongoza katika habari za aina hii.

Nakisi ni ya mwaka mmoja: matumizi yamezidi mapato kwa kiasi gani. Deni ni limbikizo la nakisi za miaka yote, likipunguzwa na ziada za miaka michache iliyokuwa na ziada. Mtu anapata 100 kwa mwaka, anatumia 120. Nakisi yake ni 20. Kama alikuwa anadaiwa 200, sasa anadaiwa 220. Mwakani anajitahidi, anatumia 110 tu. Nakisi imeshuka nusu nzima, imekuwa 10, lakini deni limefika 230. Deni halitashuka hata senti mpaka nakisi iishe kabisa na ziada ianze kuonekana.

Marekani ilipitia hayo hasa. Mwaka wa fedha 2009 nakisi ilikuwa takriban dola trilioni 1.4, kufikia 2015 ilikuwa imeshuka hadi kama dola bilioni 440. Katika muda huohuo deni lilipanda kutoka takriban dola trilioni 11.9 hadi 18.1. Aliyejisifu kwamba ameshusha nakisi alisema kweli, na aliyelalamika kwamba deni linapaa alisema kweli vilevile. Mtangazaji akiwapa wote wawili neno "deni", msikilizaji ataamini mmoja wao ni mwongo.

"Upungufu wa bajeti" si kosa la sarufi, ila ni neno legevu. "Upungufu" ni kupunguka, ni uhaba, na ni kasoro pia. Ukisema "bajeti ina upungufu mkubwa" mwingine ataelewa kwamba imeandikwa vibaya, na mwingine kwamba wizara zimepewa fedha kidogo. "Nakisi" imebaki na kazi moja, kwa hiyo itumie. Iko katika ngeli ya I-ZI: nakisi imeongezeka, nakisi za miaka mitatu zimeongezeka. "Pengo la bajeti" linafaa kwenye kichwa cha habari, mradi ndani ya habari uitaje nakisi yenyewe.

Sasa neno ambalo hukuliuliza, nalo lina mitego kuliko yote: kudai na kudaiwa. Anayekopesha ndiye anayedai, na aliyekopa ndiye anayedaiwa. Lakini kwa lugha ya habari "kudai" ni kusema jambo lisilothibitishwa, na "inadaiwa" ni kama kusema "yasemekana". Linganisha: "Serikali inadaiwa dola trilioni 2" ni deni, "Serikali inadaiwa kukopa dola trilioni 2" ni tuhuma. Kitenzi kimoja kimeingia katikati, maana imegeuka. Na ukiandika "Serikali inadai dola trilioni 36" umeigeuza Marekani kuwa mkopeshaji wa dunia. Penye shaka, andika "ina deni la". Kiswahili cha zamani kilikuwa na kitenzi safi kwa kazi hii, kuwia: nakuwia ni nina haki ya kulipwa nawe, na kuwiwa ni kuwa na deni. Mwia bado yumo kwenye kamusi, lakini redioni atahitaji kuelezwa, na muda wa taarifa ya habari hautoshi. Wadai na wadaiwa wanatosha.

Deni la nani, hilo nalo liangalie. Tanzania, "Deni la Taifa" linalotajwa kwenye taarifa rasmi hujumuisha deni la Serikali pamoja na deni la nje la sekta binafsi. "Deni la Serikali" ni dogo kuliko hilo. Mbunge akitaja la kwanza na waziri akajibu kwa la pili, watatofautiana kwa matrilioni bila yeyote kudanganya. Kenya hutumia zaidi "deni la umma", na maana yake ni lile la serikali. Ukitafsiri habari za Marekani, "deni la umma" huweza kukuponza, kwa sababu takwimu zao hugawa deni mafungu mawili: lililo mikononi mwa wawekezaji wa nje ya serikali, ambalo kwa Kiingereza huitwa "debt held by the public", na lile ambalo serikali inawiwa na mifuko yake yenyewe, mkubwa wake ukiwa mfuko wa hifadhi ya jamii. Novemba 2024 deni lote lilivuka dola trilioni 36, na zaidi ya trilioni 7 kati ya hizo zilikuwa za fungu hili la pili. Andika "deni lote" au "deni lililo mikononi mwa wawekezaji". Usije ukafupisha kwa kusema serikali "inajidai" yenyewe, maana hapo umeisema inaringa.

Kuhusu kodi, mpaka wa nchi ndio unaoamua. Tanzania, kodi ni jina la jumla: kodi ya mapato, Kodi ya Ongezeko la Thamani. Ushuru ni wa bidhaa au wa forodha, na ule unaotozwa na halmashauri sokoni. Tozo ni malipo yaliyowekwa kwa jambo mahususi, kama zile za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala. Kenya, jina la jumla ni ushuru. Hata kaulimbiu ya mamlaka yao ya mapato inasema "Tulipe Ushuru, Tujitegemee". Kwa hiyo habari ya Nairobi yenye "ushuru wa mapato" usiisahihishe ukidhani ni kosa. Ila kokote ulipo, "kodi ya nyumba" iepuke unapozungumzia serikali. Wapangaji wataelewa ni pesa ya mwenye nyumba. Tanzania sema "kodi ya majengo". Makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa Mkenya kwa ajili ya nyumba za bei nafuu yaite "ushuru wa nyumba", Wakenya wenyewe huyaita hivyohivyo.

Punguzo na msamaha havifanani hata kidogo. Kupunguza kodi ni kushusha kiwango chenyewe, na kila anayelipa kodi ile hunufaika. Msamaha wa kodi ni kumwondoa mtu, bidhaa au mwekezaji fulani katika kodi ambayo wengine wanaendelea kulipa. Ndiyo maana Tanzania mabishano ya misamaha huwa ni mabishano ya nani kapewa. Kenya neno hilo lina maana ya ziada: sheria ya fedha ya 2023 ilitoa "msamaha wa ushuru" ambapo mtu alilipa kodi aliyokuwa hajalipa hadi mwisho wa 2022, akasamehewa riba na faini. Kodi yenyewe haikusamehewa. Habari kama hiyo isipotaja riba na faini, kuna watakaokwenda kwenye ofisi za mapato wakidhani wamefutiwa kila kitu. "Unafuu wa kodi" ni neno la wanasiasa. Halisemi ni kiwango kilichoshuka, ni msamaha, au ni muda wa kulipa ulioongezwa. Likiwa mdomoni mwa msemaji, liache kwenye nukuu. Wewe andika kilichotokea.

Kisha kuna viambishi vidogo vinavyoharibu habari kubwa. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2017 ilishusha kodi ya mapato ya makampuni ya Marekani kutoka asilimia 35 hadi 21. Ukiandika "kwa asilimia 21" umeacha asilimia 14, kiwango ambacho hakipo. Vilevile "kodi imepunguzwa kwa asilimia 14" si sahihi: kutoka 35 hadi 21 ni kushuka kwa pointi 14 za asilimia, na ukipiga hesabu, 14 gawanya kwa 35, ni punguzo la asilimia 40. Mfano wa jirani: Kenya mwaka 2023 ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Hiyo ni nyongeza ya pointi 8, na kodi imekuwa maradufu. Anayeitetea atapenda kusema 8, anayeipinga atapenda maradufu. Ukitaja viwango vyote viwili, cha zamani na kipya, hakuna atakayekulaumu.

Na "kodi imepanda" ni kauli ya kuogopwa. Ni kiwango kilichopanda au makusanyo? Baada ya punguzo lile la 2017, makusanyo ya kodi ya makampuni Marekani yalishuka kutoka kama dola bilioni 297 hadi bilioni 205 katika mwaka mmoja wa fedha, kisha miaka ya baadaye yakapanda kupita pale yalipokuwa. Mtetezi wa punguzo hilo anaweza kusema kodi imeongezeka, akimaanisha makusanyo, na mpinzani akasema kodi imepungua, akimaanisha kiwango. Neno "kodi" peke yake halibebi mzigo huo. Andika "kiwango cha kodi" au "makusanyo ya kodi", kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Upande wa matumizi, tenganisha matumizi na gharama. Gharama ni bei ya kitu. Matumizi ni fedha zilizotoka. Kupunguza gharama za barabara ni kuijenga barabara ileile kwa bei ndogo, kupunguza matumizi ya barabara huenda ni kutoijenga. "Kubana matumizi" ni msemo mzuri wa kwetu, na ni mzito zaidi ya kupunguza tu: anayebana anahisi. "Kufunga mkanda" Watanzania wa rika fulani wanaukumbuka vizuri, tangu walipoambiwa baada ya vita vya Kagera kwamba utafungwa miezi 18. Jihadhari pia na "matumizi yamepunguzwa" katika habari za Marekani. Mara nyingi fedha zimeongezeka kuliko mwaka jana, ila chini ya ilivyotarajiwa. Hapo andika "ongezeko limepunguzwa".

Ukomo wa deni sasa, yaani kiwango cha juu ambacho deni la serikali halitakiwi kukivuka. Usiandike "dari ya deni". Dari ni ya nyumba. "Ukomo" unatumika tayari kwenye hotuba za bajeti za Tanzania, na "kikomo cha kukopa" kinaeleweka Kenya. Kenya yenyewe mwaka 2023 iliacha ukomo wa shilingi trilioni 10 ikaweka asilimia 55 ya pato la taifa, ikipimwa kwa thamani ya sasa ya deni, yaani malipo yote ya baadaye yakihesabiwa kwa thamani ya leo. Marekani ukomo ni kiasi cha fedha kilichowekwa kisheria, na vitenzi vyake hutofautiana. Mwaka 2023 ukomo wa dola trilioni 31.4 haukupandishwa, ulisimamishwa hadi Januari 1, 2025. Julai 2025 ndipo ulipopandishwa, kwa dola trilioni 5. Kusimamisha na kupandisha ni sheria mbili tofauti.

Ukomo ukifikiwa bila kupandishwa wala kusimamishwa, hatari ni kushindwa kulipa deni. Hiyo haiitwi kufilisika. Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 Novemba 2020. Haikufilisika, iliingia kwenye mazungumzo na wadai. Na Marekani, Bunge lisipopitisha fedha za matumizi, jambo ambalo ni tofauti kabisa na ukomo, ofisi hufungwa, kama ilivyokuwa kwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025. Hapo tafadhali andika "shughuli za serikali zimesimama". "Serikali imefungwa" itamfanya msikilizaji aulize jela gani, au mabao mangapi.

Kulipa deni nako kuna undani. Deni lina siku ya kuiva, neno zuri la kwetu, na likishaiva linaweza kulipwa kwa mkopo mpya. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya hatifungani (hati ambayo serikali hukopea kwa wawekezaji) ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni, yenye riba ya 6.875. "Kenya yalipa deni" ni nusu ya habari. Andika "yalipa deni la zamani kwa mkopo mpya", na taja riba zote mbili.

La mwisho, "deni himilivu", kwa kuwa utalisikia kila Juni bungeni Dodoma. Kisarufi lina kilema: kiambishi -vu kwa kawaida humpa sifa mtendaji, kama mvumilivu ni yule anayevumilia. Kwa hesabu hiyo deni himilivu ni deni linalovumilia, ilhali anayevumilia ni mlipa kodi. Lililo sawa ni "deni linalohimilika". Lakini neno limeshaota mizizi kwenye nyaraka rasmi, na ukilibadilisha katika nukuu ya waziri utakuwa umemnukuu vibaya, kwa hiyo liache lilivyo. Katika maelezo yako mwenyewe tumia "linalohimilika", na useme limepimwa kwa kigezo gani: thamani ya sasa ya deni la serikali kwa pato la taifa, ukomo asilimia 55. Himilivu halina maana ya dogo, wala ya linalopungua. Wingi, ukiuhitaji, ni madeni mahimilivu. Na tarakimu huja baada ya jina: dola trilioni 36, si trilioni 36 dola.