Maswali ya Wasomaji: Simu za Ofisi Zinazopita Kwenye Intaneti

SWALI: Ofisi yetu ya mizigo ya ziwani, Kigoma Mjini, ina simu sita za mezani zinazotumia intaneti, mbili kati ya hizo zikiwa tawi la Kasulu. Asubuhi na mapema tunaongea vizuri. Ikifika saa nne sauti inakatakata kama mtu anayeongea huku anatafuna. Kifurushi chetu ni megabiti 10. Tupande hadi 20?

JIBU: Msipande bado. Simu hizi hukata sauti vipande vya milisekunde 20 na kutuma pakiti (vifurushi vidogo vya data) 50 kila sekunde, kwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, mazungumzo moja hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Hata simu zote sita zikiongea pamoja, ni kama nusu megabiti tu.

Angalieni upande wa kupandisha data, ambao mara nyingi ni mdogo kuliko ule wa kushusha unaotangazwa. Saa nne ndipo hati za mizigo zinaposkaniwa na kutumwa, kamera za ulinzi zinapeleka video, na simu za wafanyakazi zinahifadhi picha. Foleni inajaa, pakiti ya sauti inasubiri nyuma ya picha. Barua pepe ikichelewa sekunde mbili hakuna anayejua. Pakiti ya sauti ikichelewa hutupwa, maana zamu ya neno lake imeshapita.

Pimeni hivi: pigeni pingi 100 (pakiti ndogo za kupima muda wa majibu) kwenda seva ya mtoa huduma wa simu, mtandao ukiwa umetulia, kisha mrudie huku mtu akipandisha faili kubwa. Ikitoka milisekunde 40 ikaruka hadi 400, shida ni foleni. Sauti inataka ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja (pingi hupima kwenda na kurudi, msichanganye), kuyumba kwa ucheleweshaji huo kusikozidi milisekunde 30, na upotevu wa pakiti chini ya asilimia 1.

Dawa iko kwenye ruta. Pimeni kasi halisi ya kupandisha saa za kazi, wekeni kikomo cha asilimia 85 ya kasi hiyo, kisha sauti ipewe kipaumbele kwa alama ya DSCP 46, inayoiambia ruta pakiti ipi itangulie. Mafundi wengi huweka kipaumbele wakaacha kikomo, na hapo kazi yote ni bure: foleni inahamia kwenye modemu, ambako amri ya ruta yenu haifiki. Kama laini ya Kasulu ni nyembamba, huko tumieni G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, kama kilobiti 31 kwa mazungumzo. Sauti hupoteza utamu kidogo, lakini inaeleweka.

SWALI: Mteja ananisikia, mimi simsikii. Simu nyingine hukatika zenyewe baada ya nusu dakika hivi. (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Itifaki ya SIP hupanga simu, lakini sauti yenyewe hupita njia nyingine, RTP. Wakati wa kupanga, simu yako hutaja anwani ya kupokelea sauti. Ikitaja ya ndani, mfano 192.168.1.20, upande wa pili unatuma sauti mahali pasipofikika. Kukatika kwenye sekunde 32 ni ugonjwa huohuo: mtambo uliojibu simu haukupata uthibitisho kuwa jibu lake limefika, ukachoka kusubiri.

Kwanza zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa SIP unaopita. Imekusudiwa kusaidia lakini huvuruga zaidi. Pili, kwenye mtambo wa simu (kompyuta inayounganisha simu za ofisi) jaza anwani ya nje na mtandao wa ndani. Tatu, kwenye ruta fungulia milango ya RTP, yaani namba ambazo sauti huingilia. Kwenye Asterisk, programu ya mtambo wa simu, kwa kawaida ni UDP 10000 hadi 20000. Ukitumia laini ya mtandao wa simu za mkononi huenda huna anwani ya nje iliyo yako peke yako, na kufungua milango hakutasaidia. Hapo pitisha simu ndani ya VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti).

SWALI: Umeme ukikatika simu zote za nyumba yetu ya wageni zinazima. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 haitoshi?

JIBU: Inatosha kuzima vifaa kwa utaratibu. Simu sita, swichi inayozilisha umeme, ruta na mtambo ni kama wati 60. Betri ya UPS hiyo kwa kawaida ni volti 12, Ah 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Inveta ikishakula chake hamfikishi saa moja. Betri ya Ah 100 ikitumika hadi nusu itawapa kama saa nane. Bakizeni na simu moja ya mkononi yenye chaji mapokezini kwa ajili ya namba za dharura, 112 na 114.

SWALI: Bili imejaa simu za nchi za nje zilizopigwa usiku.

JIBU: Mtu amebahatisha nenosiri la ekstensheni (namba ya ndani ya simu ya ofisi). Badilisha yote leo, fungia simu za nje ya nchi, omba mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi kwa siku, na usiache mlango 5060, unaotumiwa na SIP, wazi kwa dunia nzima. Ekstensheni 101 yenye nenosiri 101 haimalizi wiki.