Kabla hujanunua beji ya Comic-Con kwa mlanguzi

Kila mwaka mauzo ya beji za kuingilia San Diego Comic-Con, tamasha kubwa la mashabiki wa vitabu vya katuni na filamu huko California, yakishamalizika, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Safari hii aliyewatangulia wenzake ni mtoto wa kaka yangu: "Shangazi, shikamoo. Nakuja Julai. Kuna jamaa mtandaoni ana beji ya siku nne, anataka mara tatu ya bei, ila anasema ni orijino. Nilipe?"

Marahaba mwanangu. Usilipe.

Naishi California, napenda vitabu vya katuni tangu utotoni, na Comic-Con nimeizoea kiasi cha kujua ni choo kipi hakina foleni saa saba mchana. Nimeulizwa swali hili kwa namna nyingi, na wanaouliza huwa wanataka kujua jambo moja tu: je, beji itafanya kazi? Nitaanza na hilo, kisha niende kwenye lile wasiloliuliza.

Beji ya San Diego haihamishiki kutoka mtu hadi mtu, na masharti ya mauzo yanasema hivyo wazi. Inauzwa kupitia akaunti binafsi iitwayo Member ID, jina la mnunuzi huchapwa juu yake, na tangu 2016 ina chipu ndani, hivyo unaigusisha kwenye mashine unapoingia na unapotoka. Sitakudanganya kwamba kila beji ya kulangua inakamatwa mlangoni. Wengine hupita. Lakini waandaaji wakiijua wanaweza kuizima, na ikizimwa huna pa kulalamika, kwa sababu kwa kumbukumbu zao wewe hukununua chochote. Na usisahau kwamba unayemlipa ni mtu usiyemjua, kwa picha ya beji ambayo anaweza kuwa ameshawatumia watu wengine watano.

Lipo na jingine ambalo wageni hawalijui. Mauzo ya Comic-Con hufanyika kwa awamu mbili: ya kwanza ni ya wale waliohudhuria mwaka uliotangulia kwa jina lao, ya pili ni ya wote. Ukiingia kwa beji ya mlanguzi, aliyehudhuria kwenye vitabu ni mlanguzi. Mwakani yeye ndiye atakayeruhusiwa kununua mapema, wewe utarudi mkiani. Yaani umemlipa, halafu ukamkatia na nafasi ya kukulangua tena.

Hayo ni ya mfuko. Sasa tuje kwenye haki.

Comic-Con ilianza 1970. Agosti ya mwaka huo walikusanyika watu wapatao 300 katika hoteli ya U.S. Grant, katikati ya mji wa San Diego, wakauziana vitabu vya katuni na kuzungumza na wachoraji. Leo wanaingia zaidi ya 130,000. Tangu 1991 inafanyika kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano wa mji, kando ya bandari, na ukumbi huo una mipaka yake: kikosi cha zimamoto kina idadi yake, na idadi hiyo haibembelezwi. Hadi katikati ya miaka ya 2000 bado ungeweza kufika na kununua tiketi mlangoni. Siku hizi ni foleni ya mtandaoni: unaingia kwenye chumba cha kusubiri, kompyuta inawapanga watu bila kuangalia nani alitangulia, na wengi wanaambulia kuangalia kiduara kinazunguka hadi tangazo la kwamba zimekwisha.

Anayeendesha haya yote ni shirika lisilo la faida. Wangeweza kupandisha bei mara tatu na ukumbi ukajaa vilevile. Hawakufanya hivyo. Vijana wa miaka 13 hadi 17 hulipa nusu, na mtoto wa miaka 12 au chini ya hapo huingia bure akiwa na mtu mzima aliyelipa. Kwa hiyo kati ya bei wanayotoza na bei ambayo watu wako tayari kulipa kuna pengo, na pengo hilo halikusahaulika pale. Limeachwa makusudi kwa ajili ya shabiki.

Nina shemeji aliyesoma uchumi, na kila tukikutana kwa pilau ya Idi hunibana kwa hoja yake. Kitu kikiuzwa chini ya thamani, anasema, lazima mtu aichukue tofauti. Mlanguzi anamfikishia beji yule anayeitaka zaidi. Kosa liko wapi? Namjibu kwamba kuwa na pesa zaidi hakumaanishi kutaka zaidi. Binti wa Fresno aliyeshona vazi lake la mhusika mwaka mzima, usiku, baada ya kazi ya dukani, anaitaka beji ile kuliko meneja anayetaka tu kupiga picha. Kwenye chumba cha kusubiri wote wawili wana nafasi moja. Mlanguzi anageuza bahati nasibu kuwa mnada, na hakuna aliyempa ruhusa.

Halafu kuna suala la kazi. Mfanyabiashara anayetoa vitunguu Mang'ola kuvileta Kariakoo amevisogeza, amelipa lori, amebeba hatari ya kuoza. Faida yake ni jasho. Mlanguzi wa beji hajasogeza kitu. Beji ilikuwa umbali wa kubonyeza mara moja kabla hajaikalia, na baada ya kuikalia iko umbali uleule, ila sasa ina bei mpya. Na senti moja ya hiyo nyongeza haimfikii mchoraji aliyekaa kwenye kimeza chake akisubiri wateja.

Shemeji hunirushia pia kwamba foleni ya mtandaoni nayo si ya haki: mtu aliye kazini Jumamosi asubuhi, au mwenye intaneti ya kusuasua, amekwisha kuachwa nyuma. Hapo ana hoja, na simbishii. Ila sioni jinsi ulanguzi unavyomsaidia huyo mtu.

Ugumu unaanza unapouliza mlanguzi ni nani. Wazee wetu waliokuwa Tanzania mwaka 1983, enzi za Waziri Mkuu Sokoine, wanakumbuka jinsi msako wa walanguzi na wahujumu uchumi ulivyowakumba wakubwa na wadogo kwa pamoja. Sipendi kumwita kila anayeuza beji kwa jina hilo. Dada aliyenunua kwa nia ya kwenda, kisha mama yake akalazwa wiki hiyohiyo, hana cha kuona aibu akitaka fedha yake irudi. Kwangu mstari unapita kwenye nia: ulipobonyeza "nunua", ulikuwa na mpango wa kuingia ukumbini, au uliingia foleni ili kumzuia mwingine mpaka akulipe?

Inashangaza kidogo kwamba sheria ya California nayo inatazama upande huohuo. Kifungu cha 346 cha sheria ya makosa ya jinai kinamkataza mtu kuuza tiketi kwenye eneo lenyewe la onyesho, bila ruhusa ya maandishi ya mwenye eneo, kwa bei inayozidi iliyoandikwa juu yake, endapo aliipata kwa madhumuni ya kuiuza tena. Nia imo ndani ya kifungu. Nje ya eneo hilo sheria hiyo haikugusi, ndiyo maana biashara imehamia mtandaoni. Serikali kuu nayo, kwa sheria ya 2016, ilipiga marufuku programu za kompyuta zinazovunja ukomo wa idadi ya tiketi kwa kila mnunuzi. Japani wako wakali zaidi: tangu Juni 2019, anayeuza tena tiketi za aina fulani zenye masharti kwa bei ya juu, na akafanya hivyo kama biashara, anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, au kutozwa faini ya hadi yeni milioni moja, au vyote viwili.

Lakini sheria haimalizi maswali ya kirafiki, na haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu waungwana kabisa.

Utaratibu unamruhusu mnunuzi mmoja, akibahatika, kuwanunulia na wenzake wawili, mradi ana namba zao za Member ID. Ndiyo maana mashabiki huunda makundi: kila mmoja anaingia kwenye chumba cha kusubiri, atakayeitwa kwanza anawanunulia wengine. Sioni ubaya. Wote wanakwenda, wote wana akaunti, na zamu ya mmoja ni zamu ya kundi.

Sasa kuna jamaa aliwahi kuniomba niwashawishi watu wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa, akina mama wa kikundi cha kuchangiana harusi, watu ambao hawawezi kumtofautisha Batman na Spider-Man, wafungue akaunti ili siku ya mauzo wamwingizie majina. Hakuwa na nia ya kuuza chochote. Alitaka beji yake tu, na kwa bei ya kawaida. Nilikataa, tukanuniana kidogo. Huo si ulanguzi, hilo namkubalia. Lakini mtu mwenye ndugu na marafiki ishirini wa kuwatuma atampita daima mgeni aliyefika nchini juzi asiye na mtu, na chumba kinajaa watu wasiotaka kuingia popote. Kipimo changu ni hiki: kila anayekaa foleni kwa ajili yangu, naye awe anakwenda. Najua wapo watakaosema nimekaza kamba mno. Sawa, tununiane na hao pia.

Kuazimana beji, wewe Ijumaa mimi Jumamosi, hakuruhusiwi, japo utakuta wengi wanafanya. Simwoni anayedhulumiwa hapo, kwa kuwa anaingia mtu mmoja kwa beji moja. Ila kumbuka kwamba likitokea la kutokea, anayejibu ni mwenye jina.

Na ulanguzi haukomei mlangoni. Ndani ya ukumbi kuna vinyago na mabango yanayotengenezwa kwa ajili ya Comic-Con peke yake, na jioni ileile utayakuta mtandaoni kwa bei ya kutisha. Mnaokuja na mizigo mitupu ili kurudi na bidhaa za kuuza nyumbani, mmenielewa.

Kwa hiyo unafanyaje kama beji umeikosa?

Kwanza, jiulize unafuata nini. Watu wanamlipa mlanguzi wakidhani wananunua kiti cha mbele. Mwaka 2016 Lupita Nyong'o alipopanda jukwaa la Hall H, ukumbi wa ndani ambako waigizaji wakubwa hutambulishwa, sisi wa Afrika Mashariki tulishangilia kila mtu alipo. Lakini Hall H huchukua watu wapatao 6,500, kati ya wale zaidi ya 130,000. Beji inakuingiza kwenye jengo. Kuingia Hall H ni foleni nyingine, na wapo wanaolala nje kwa ajili yake. Ukimlipa mlanguzi mara tatu ya bei, foleni hiyo iko palepale.

Pili, mtaa wa Gaslamp, ng'ambo ya reli kutoka ukumbini, hugeuka uwanja wa maonyesho wiki ile. Makampuni ya filamu na televisheni hujenga mabanda na mapambo, mengi hayahitaji beji, na waliovaa kama wahusika hutembea humo mchana kutwa. Nimewahi kupeleka wageni ambao hawakukanyaga ukumbini kabisa na walirudi na picha nyingi kuliko zangu. Jumba la makumbusho la Comic-Con, lililofunguliwa 2021 pale Balboa Park, liko wazi na nje ya Julai.

Tatu, waandaaji haohao wana tamasha dogo, WonderCon, linalofanyika Anaheim majira ya kuchipua. Wachoraji utawapata kwa utulivu zaidi, na beji zake hazigombewi kwa kiasi kile. Kwa mtu anayependa vitabu hasa, mimi ningemwambia aanzie huko, hata kama San Diego ingekuwa wazi.

Ukiwa na beji na safari ikavunjika, usiitangaze kwenye makundi ya WhatsApp. Waandaaji huweka muda wa kurudisha beji na kurejeshewa fedha. Irudishe mapema, angalia makato, achana nayo. Tarehe ikipita umepoteza, na inauma, lakini kumuuzia mtu beji yenye jina lako ni kumwachia mwenzako hatari uliyokwisha kuikwepa wewe.

Na wewe unayetoka Dar au Nairobi: usikate tiketi ya ndege kwa kutegemea beji uliyoahidiwa na mtu. Utaratibu wa kawaida kwa wageni wa nje ya Marekani ni kuchukua beji palepale San Diego kwa kitambulisho, na jina la kwenye pasipoti yako lazima liwe ndilo la kwenye akaunti. Akaunti ya Member ID ni bure, unaifungua kwa simu, na hufungwa kwa wapya siku kadhaa kabla ya mauzo. Mtoto wa kaka yangu ameshafungua ya kwake kwa ajili ya mwakani. Julai hii atazunguka Gaslamp na mimi, na chakula cha mchana atalipa yeye kwa zile dola alizotaka kumpa jamaa wa mtandaoni.