Usiandike chochote ndani ya mafaili ya mandhari mama

Mkuu, lifunge hilo faili la functions.php, lenye msimbo wa mandhari (theme, yaani sura ya tovuti yako ya WordPress), kabla hujahifadhi chochote. Umeuliza mandhari ipi inafaa duka la vipuri, na kama ni sahihi kuandika hesabu za nauli ndani ya mafaili ya mandhari na kisha kuzima masasisho "ili tovuti itulie", kama fundi wako alivyokushauri. Naanza na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalokufilisi.

Ushauri huohuo nilipewa na fundi mmoja wa hapa Dar, mwenye maneno matamu kuliko kazi yake, wakati duka langu la Kariakoo lilipoanza kuuza kwa WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti. Alipachika kila kitu katika mandhari ya kununua: nauli za kupeleka mzigo Mbagala na Tegeta, mpangilio wa kurasa, hata VAT ya asilimia 18, ambayo WooCommerce, programu ya duka inayoongezwa kwenye WordPress, ina sehemu yake ya kuiweka bila kuandika msimbo wowote. Alihariri moja kwa moja kwenye seva, bila Git (mfumo unaotunza kila badiliko la msimbo) wala nakala ya akiba. Kwa kuwa sasisho la mandhari hufuta folda nzima na kuweka mpya, alizima masasisho ili kazi yake isifutike, nami nikamlipa kwa moyo mkunjufu.

Marekebisho ya usalama ya toleo la 7.4 la PHP, lugha ya msimbo inayoendesha WordPress, yalikoma mwezi Novemba 2022, na kampuni iliyotukodisha seva ikahamia toleo la 8, jambo ambalo siwezi kuilaumu. Mandhari yetu kuukuu ilikuwa bado inaita create_function, amri ya zamani iliyoondolewa katika PHP 8.0, hivyo wateja wakakuta ujumbe wa hitilafu mahali palipokuwa na duka. Tukiiacha mandhari ilivyo, duka halifunguki. Tukiisasisha, nauli zote zinafutika. Tulisasisha. Bampa likasafiri hadi Tegeta bila nauli, nikamwambia mteja kuwa ni ofa ya msimu. Fundi alipopigiwa simu alikuwa kikaoni, na nadhani kikao hicho hakijafungwa hadi leo.

Faili ambalo aliyelitengeneza atalibadilisha wakati wowote, usiweke mstari wako ndani yake. Tengeneza mandhari mtoto, yaani ndogo inayoegemea ile uliyonayo, ambayo ndiyo mandhari mama: folda yake ndani ya wp-content/themes, faili la style.css ambalo mstari wake wa Template unataja folda ya mandhari mama, na functions.php yake, inayosomwa kabla ya ile ya mama. Mpangilio na rangi vikae humo. Hesabu za nauli zisikae hata humo, kwa sababu siku utakapobadili mandhari zitaondoka nayo. Ziandikie programu-jalizi (plugin, nyongeza isiyotegemea mandhari) ndogo ya peke yake, iliyohifadhiwa kwenye Git, na kila sasisho ulijaribu kwanza kwenye nakala ya tovuti.

Mandhari chagua yoyote, mradi mwenye kuitengeneza bado anaisasisha. Fundi akikuambia kwamba mandhari mtoto ni kupoteza muda, mwombe aandike hivyo kwenye mkataba na aweke sahihi.