Rudisha kisu cha nyuma kabla hujawasha hiyo mashine

Mkuu, chukua spana urudishe hicho kisu sasa hivi, mengine utasoma baadaye.

Umesema unatengeneza kibao cha kuziba mdomo wa msumeno wa meza, kile kinachoizunguka kwa karibu bledi, ile diski ya meno, ili vinia ya plaiwudi, lile tabaka jembamba la usoni, isichanike kwa chini. Umeuliza utumie mbao gani, na kama kibao kimoja kitatosha kwa kukata wima na kwa digrii 45. Sawa. Lakini hapo katikati umepitisha sentensi moja kana kwamba si kitu: kile kibati kilichosimama nyuma ya bledi, ndicho kisu cha nyuma, umekifungua kwa sababu kinagonga kibao kipya. Nimeisoma mara tatu, mkono wangu wa kushoto ukaanza kuniuma.

Nilifanya hivyo hivyo miaka minne iliyopita. Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha plaiwudi ya milimita 12. Nilipandisha bledi taratibu, ikajikatia njia yake, na njia ikaishia pale meno yalipoishia. Kisu cha nyuma kikakosa pa kupita. Nikakifungua, nikakitundika kwenye msumari ukutani, nikaendelea na kazi. Nikakata bodi tatu za kabati la jikoni na hakuna hata unyuzi uliochanika, nikaona nimepata. Plaiwudi haikunionya, kwa kuwa tabaka zake zimepishana na mara nyingi hutulia ukiikata. Wiki mbili kisu kikakaa ukutani.

Kisha ikaja oda ya fremu za milango, za mtiki. Mtiki wa shamba, mti mchanga. Mbao ya namna hiyo ina mvutano ndani yake: ukiipasua, vipande viwili ama vitaachana ama vitajifunga. Ule ubao wa futi nane ulijifunga. Nilikuwa nimefika kama katikati pale njia iliyokwisha kukatwa ilipoanza kuibana bledi kwa nyuma.

Hapa ndipo nataka unielewe vizuri. Upande wako wewe, meno yanashuka na kuukandamiza ubao mezani. Upande wa nyuma meno yanapanda. Ubao ukibana huko nyuma, meno yanaunyanyua, yanaupandisha juu ya bledi na kukurushia wewe uliyesimama mbele. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno zinakwenda kama kilomita 190 kwa saa. Hakuna binadamu wa kuuzuia ubao kwa mikono kwenye mwendo huo, hata awe na nguvu kiasi gani. Kisu cha nyuma kimewekwa kwa kazi hiyo moja, kukaa ndani ya njia iliyokatwa na kuiacha wazi, ili mbao isiyafikie meno yanayopanda.

Ubao ulinipiga ubavu wa kushoto. Mbavu mbili zikavunjika. Mkono uliokuwa umeuegemea ukabaki hauna cha kuegemea, ukaenda mbele wenyewe. Ncha ya kidole cha kati sina tena. Wiki saba sikushika mbao. Malipo ya awali ya mteja nilikuwa nimeshayanunulia mtiki, kwa hiyo niliuza randa ya umeme ili nimrudishie pesa yake. Na asije mtu hapa kusema nilikuwa mzembe. Nilikuwa na miwani, fensi, ile reli ya kuongozea ubao, ilikuwa sambamba na bledi, bledi ilikuwa kali. Nilikosa kile kisu tu.

Hasira yangu kubwa ni kwa watu wawili. Wa kwanza ni aliyeniuzia mashine. Nilipomuuliza kuhusu kile kibati kwenye mfuko wa plastiki alinijibu, "Hicho cha ziada, funga ukipenda." Cha ziada! Nilikifunga mwenyewe kwa kufuata mchoro wa kwenye kitabu cha mashine. Wa pili ni mwalimu wa video niliyejifunzia kutengeneza kibao. Anaonyesha bledi ikichomoza kwenye plaiwudi, muziki unapigwa, video inaisha. Mtu akamuuliza kwenye maoni kuhusu kisu, akajibu kwamba fundi mzoefu hakihitaji. Watu maelfu wameangalia ile video, na nina hakika umeitazama, maana umeandika maneno yake yale yale.

Sasa fanya hivi. Kisu unakifungua mara moja tu, wakati bledi inakata njia yake ya kwanza. Chomoa umeme kwanza, teremsha bledi hadi chini kabisa, weka kibao, kisha izungushe kwa mkono uone kama inagusa. Ya inchi 10 mara nyingi hugusa, kwa hiyo chimba mfereji kidogo upande wa chini wa kibao. Kikandamize kwa ubao mzito uliopita juu yake, ukafungwa kwa klampu pande zote mbili za meza, nje ya njia ya bledi. Kiganja chako kisiwe hapo. Washa, pandisha polepole mpaka mwisho, zima, subiri bledi isimame kabisa, chomoa umeme tena.

Halafu toa kibao, piga mstari kufuata njia ile ile kuelekea nyuma, uirefushe kwa msumeno mdogo wa mkono na msasa. Rudisha kisu na kibao. Ipandishe bledi hadi juu na kuishusha hadi chini, kwa mkono, kisu kikipita bila kukwaruza popote. Kikikwaruza, ongeza urefu. Tazama na namba zilizochapwa kwenye kisu na kwenye bledi: kisu kiwe kinene kuliko bati la bledi, na chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Ukibadilisha bledi ya milimita 3.2 ukaweka nyembamba ya 2.4, kisu cha zamani huenda kisipite, na kibao cha zamani kitaacha mwanya.

Mbao: plaiwudi ngumu ya milimita 12 inatosha, ila pima kwanza kina cha ukingo wa mdomo wa meza, kwenye mashine ndogo huwa ni milimita chache tu na itabidi upunguze kingo. MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inakatika vizuri lakini huku pwani hufura kwa unyevu, nilitupa viwili. Weka skrubu nne ndogo zisizo na kichwa za kusawazishia, mbele kishuke unywele mmoja chini ya meza ili mbao isigote, na nyuma piga pini inayoingia chini ya ukingo ili meno yanayopanda yasikinyanyue kibao chenyewe. Swali lako la digrii 45 nitalijibu siku nyingine.

Ukimaliza tuma picha humu, umeme umechomolewa, bledi iko juu kabisa. Piga kutokea nyuma ya mashine, nataka kukiona kisu kikiwa kimesimama.