Begi la Kuingia Nalo Ndani ya Ndege: Mchuuzi wa Meza za Muda Alichague Vipi

Katika safari yangu ya tatu ya kuuza bidhaa kwenye meza ya kukodi kwa muda maonyeshoni, sanduku kubwa nililokabidhi uwanja wa ndege halikufika nami. Lilifika kesho yake jioni, na maonyesho yenyewe yalikuwa ya siku mbili. Meza nilikwisha kuilipia, lakini juu yake nilikuwa na kitambaa cha kuazima tu. Begi nililoingia nalo ndani ya ndege lilijaa nguo zangu za kubadilisha. Tangu hapo nimegeuza mpango: nguo zangu ndizo zinazokwenda chini na mizigo mingine, bidhaa nakaa nazo mimi.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usiende kununua begi kabla hujatandaza sakafuni vitu vyote vya kufungulia meza asubuhi ya kwanza. Weka bidhaa za siku hiyo moja, kitambaa cha meza, vibandiko vya bei, mashine ya kadi na chaja yake, fedha ndogo za chenji, na kile kistendi cha kukunja kinachoinua bidhaa zionekane kwa mbali. Vipange vikiwa vimebanana, vipime urefu na upana, kisha vipime kwa mzani. Hapo ndipo utajua unatafuta begi gani. Wengi wetu tulianza kinyume: tulipenda begi dukani, tukaja kuzilazimisha bidhaa ziingie.

Vipimo vyenyewe havifanani kwa mashirika yote. Utakavyokutana navyo mara nyingi ni sentimita 55 kwa 40 kwa 20, au 56 kwa 36 kwa 23, ambavyo ndivyo vilivyozoeleka Marekani. Magurudumu na mpini huhesabiwa humo. Usiamini kibandiko cha dukani, kwa sababu kuna watengenezaji wanaoandika kipimo cha boksi peke yake. Chukua utepe upime mwenyewe, kuanzia chini ya gurudumu hadi juu ya mshikio. Mashirika ya nauli nafuu mara nyingi huruhusu bure begi dogo tu la kuingia chini ya kiti, na kubwa zaidi ya hapo hulipiwa. Ingiza gharama hiyo kwenye hesabu zako kabla hujasema tiketi ni rahisi.

Hata hivyo, kinachowaangusha wageni wengi ni uzito, hasa uzito wa begi lenyewe likiwa tupu. Tuseme umepewa kilo 7. Sanduku gumu la magurudumu linaweza kufika kilo 3, ukabaki na 4. Kama unauza fulana za gramu 200, hizo ni fulana 20. Begi la mgongoni lenye kilo 1.2 linakuachia kilo 5.8, yaani fulana 29. Fulana tisa za tofauti zinaweza kuwa ndiyo faida yako yote ya siku. Muuza hereni na vipuli hatalisikia sana jambo hili. Lakini anayeuza sabuni, vyombo vya udongo au chochote cha karatasi atalisikia mapema mno: karatasi 500 za kawaida za A4 peke yake ni kilo 2 na nusu.

Sisemi sanduku gumu halifai. Bidhaa zako zikiwa za kuvunjika, chukua gumu na ukubali kubeba vichache. Ila angalia linavyofunguka. Masanduku mengi magumu hufunguka katikati kama kitabu, kila upande ukalala chini, na nyuma ya meza ya maonyesho nafasi hiyo huwa hakuna. Utakuwa unapiga magoti njiani huku wateja wanasubiri. Begi linalofunguliwa kwa juu, au kwa mfuniko wa mbele, unalisimamisha chini ya meza na kuchota bidhaa kadiri zinavyouzika. Kwangu mimi sifa hii inazidi rangi, chapa na idadi ya mifuko. Magurudumu manne huteleza vizuri kwenye sakafu laini, lakini kwenye njia ya mawe au ngazi za stesheni, mawili makubwa hayatakusumbua sana.

Pima pia kama begi lina mfuko wa nje unaofikika haraka. Ndege ikijaa, mhudumu anaweza kulichukua begi lako langoni likapelekwe chini, nawe una dakika moja tu ya kutoa pawabenki, fedha na mashine ya kadi. Betri za litiamu za akiba haziruhusiwi kwenda chini. Ni lazima ukae nazo. Kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika ni wati-saa 100 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri). Pawabenki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, hiyo inapita. Ile isiyoandikwa nguvu yake inaweza kuachwa kwenye ukaguzi, kwa hiyo nunua yenye maandishi yanayosomeka.

Kisu cha kukatia maboksi usikiweke humo hata kidogo, kinanyang'anywa. Mafuta na manukato, viwanja vingi bado vinashika kanuni iliyoanza 2006: chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha wa lita 1. Muuza manukato basi abebe vionjo mkononi na akiba aitume mapema.

Kuna jambo la forodha ambalo begi dogo halikukingi nalo. Kubeba bidhaa mkononi hakuzifanyi kuwa vitu vyako binafsi. Ukivuka mpaka na vitu vya kuuza, vitangaze, na uwe na orodha yenye idadi na thamani ya kila kimoja. Hati ya ATA Carnet, yaani hati ya forodha ya kuingiza vitu nchini kwa muda bila kulipa ushuru, husaidia kwa sampuli na vifaa vya maonyesho vitakavyorudi nyumbani ndani ya mwaka mmoja; bidhaa unazokwenda kuziuza haziingii humo. Mimi orodha yangu naichapa nakala mbili, moja nashika mkononi, nyingine naibandika ndani ya mfuniko wa begi.

Kabla ya kulipa pesa dukani, omba ujaribu. Ukiweza, nenda na bidhaa zako halisi ulizozitandaza sakafuni, zipakie, panda ngazi nalo, kisha linyanyue peke yako hadi juu ya kichwa chako, kama utakavyoliweka kabatini ndani ya ndege. Halafu literemshe, lifungue ukiwa umesimama mahali pembamba, na utoe kitambaa cha meza bila kugusa kitu kingine. Kikiwa chini kabisa, kirudishe juu: ndicho utakachokihitaji kwanza.