4.1 kati ya 5, na watu bado wanaondoka: dodoso lako limepima nini?

Swali: Habari za kazi, daktari. Mimi ni afisa rasilimali watu wa shirika binafsi hapa Dodoma, tuna wafanyakazi 64. Mwaka jana tulifunga mashine ya alama za vidole, tukaanza kupima utendaji kwa mfumo wa kompyuta, na maelekezo mengi siku hizi yanapita kwenye grupu la WhatsApp. Mkurugenzi akaniagiza nipime ustawi wa wafanyakazi. Nikaandaa dodoso la maswali 10 kwenye Google Forms, nikatupia linki kwenye grupu. Waliojibu ni 41, wastani ukaja 4.1 kati ya 5, mkurugenzi akafurahi. Lakini tangu hapo wanne wameacha kazi na ruhusa za ugonjwa zimeongezeka. Namba hii niiamini? Na ni teknolojia inayowachosha watu au kuna kingine?

Jibu: Salama, dada. Namba hiyo usiitegemee, ingawa hesabu yako haina kosa. Kilichoiharibu ni njia iliyopitia. Grupu ambalo asubuhi linauliza "nani hajaweka kidole leo?" ndilo hilohilo mchana linawaomba watu waseme wanavyojisikia. Mtu akiiona linki pale hajiulizi ana hali gani. Anajiuliza nani atasoma. Kagua mipangilio ya fomu yako: kama ulikuwa unakusanya barua pepe, basi majibu yote yamebeba majina. Na hata kama hukukusanya, uliuliza idara, jinsia na miaka ya kazi? Katika shirika la watu 64, mwanamke wa masijala mwenye miaka 12 kazini ni mmoja tu, na yeye mwenyewe anajua hivyo.

Halafu wako wale 23 walionyamaza. Unajua kila kituo kina watu wangapi, linganisha na majibu yaliyokuja. Kama mna maafisa wa nje, tuseme Chemba au Mpwapwa, huenda wengine hawakuwa na bando siku ile, na wengine walikuwa wamechoka mno kufungua linki nyingine. Aliyechoka zaidi mara nyingi ndiye asiyejibu, na wastani unapanda kwa sababu yeye hayumo.

Lugha ya maswali ndiyo inayonisumbua zaidi, maana hapo ndipo tafiti nyingi za kwetu huanguka. Vipimo vingi vya ustawi kazini viliandikwa kwanza kwa Kiingereza, sisi tukavitafsiri neno kwa neno. Niliwahi kupewa dodoso lenye sentensi "Najisikia nimeungua na kazi yangu," tafsiri ya neno kwa neno ya "burned out", yaani kuchoshwa na kazi kupita kiasi. Dereva mmoja akaweka alama "hapana kabisa". Nilipomwuliza ameielewaje, akasema alidhani tunauliza ajali za moto, kwa kuwa mwezi ule walikuwa na mafunzo ya kutumia vizima moto. Tukaibadilisha: "Nikiamka asubuhi na kukumbuka kazi, mwili unakataa." Dereva yuleyule akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo sasa ndiyo yangu." Alama yake ikahama kutoka mwisho mmoja wa kipimo hadi mwingine, na hali yake ilikuwa ileile. Kwa hiyo kabla hujatuma dodoso lolote, kaa na watu watano au sita wa kada tofauti, mmojammoja, umwambie kila mmoja akusomee swali kwa sauti kisha aeleze kwa maneno yake linauliza nini. Nusu siku inatosha.

Na uangalie kichwa cha dodoso. Ukiandika "Tathmini ya Afya ya Akili" hapa Dodoma, mawazo ya watu yanakimbilia Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyo mjini kwetu. Ni huduma muhimu sana, lakini jina lake mitaani limegeuzwa utani wa kuumiza, na hakuna atakayetaka kuonekana kama anaelekea huko. Andika "Hali ya kazi zetu". Mambo yaleyale utayapata.

Sasa upime nini. Dodoso lako linaelekea kuuliza watu wanaridhika kiasi gani. Kuridhika ni jambo moja na kuchoka ni jingine. Mtu anaweza kuipenda kazi yake na ikawa inammaliza. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaeleza uchovu uliopitiliza wa kazi kuwa ni hali ya kazini, si ugonjwa, yenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kuiona kazi kwa mbali au kwa kejeli, na kujiona hufanyi lolote la maana. Yote matatu yaulize. Ukitaka pia kipimo kifupi cha ustawi wa jumla, kipo cha maswali matano cha WHO-5, cha mwaka 1998, kinachouliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali ni alama 0 hadi 5. Jumla unazidisha kwa 4 ili upate kipimo cha hadi 100. Aliye chini ya 50 si kwamba ni mgonjwa, ni ishara ya kuangalia kwa makini.

Hata hivyo hali ya mtu haikuonyeshi chanzo. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayochosha mno ni ile yenye mahitaji makubwa huku mfanyakazi hana usemi juu ya namna ya kuifanya. Mwaka 2001 Evangelia Demerouti, Arnold Bakker na wenzao wakalipanua wazo hilo: kila kazi ina mahitaji yanayokula nguvu, na ina nyenzo zinazorudisha nguvu, kama msaada wa msimamizi, mrejesho, uhuru wa kupanga kazi.

Hapo ndipo swali lako la teknolojia linapata jibu, kwa sababu chombo kimoja kinaweza kukaa upande wowote. Mashine ya vidole ikimaliza ugomvi wa nani alichelewa, ni nyenzo. Ikiwa mtu aliyefanya kazi hadi saa tatu usiku anakatwa kwa kuchelewa dakika saba asubuhi, ni mzigo. Mwaka 2022 Daniel Ravid na wenzake walikusanya tafiti zilizopita kuhusu ufuatiliaji wa wafanyakazi kwa vifaa vya kielektroniki, sampuli 94 zenye watu zaidi ya 23,000. Hawakuona kwamba ufuatiliaji unaongeza utendaji. Waliona msongo unapanda kidogo na kuridhika kunashuka kidogo. Neno "kidogo" lina uzito. Mashine peke yake haielekei kuwaondoa watu wanne.

Mimi ningeanza na grupu. Huhitaji dodoso hapo. Pitia ujumbe wa wiki nne zilizopita, hesabu maagizo ya viongozi yaliyotumwa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri, kisha angalia mangapi yalijibiwa usiku huohuo. Mtafiti Sabine Sonnentag amechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyojirudishia nguvu, na jambo analolirudia ni kwamba akili inahitaji kuachana na kazi mtu anapokuwa nje ya kazi. Simu inayolia kitandani inakata mapumziko hayo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo, kwa kawaida, inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Hesabu ya grupu ipeleke kwa mkurugenzi bila jina la mtu yeyote.

Usisahau pia yasiyo ya teknolojia. Watu wengi walihamia Dodoma wakaacha familia Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze safari za huku Julai 2024, wapo wanaoondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku. Usipouliza mtu anaishi na familia yake au la, uchovu wa safari na upweke utauandika kwenye hesabu ya kompyuta.

Dodoso jipya lipitie kwa mtu wa nje ya shirika, na wasio na bando wapewe la karatasi na sanduku. Kundi lenye watu chini ya 10 usilitolee matokeo peke yake, liunganishe na jingine. Waambie watu mapema unakusanya nini, kwa nini, na lini utafuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani, na taarifa za afya pamoja na alama za vidole zinaangukia kwenye taarifa nyeti. Rudia baada ya miezi sita, baada ya kubadilisha jambo moja tu, ili ujue lipi limefanya kazi.

Najua kuna mtu atapendekeza bonanza la michezo au semina ya kupunguza msongo. Bonanza ni zuri, watu watacheka. Lakini William Fleming wa Oxford alichambua taarifa za wafanyakazi 46,336 wa Uingereza katika taasisi 233, na walioshiriki programu za kumsaidia mfanyakazi mmojammoja, kama mafunzo ya kustahimili na programu za simu za ustawi, hawakuwa na hali bora kuliko wenzao, isipokuwa waliopewa nafasi ya kujitolea kwa kazi za hisani. Fedha za fulana za bonanza zingeweza kumlipa mtu wa zamu ya usiku.

Kwa mkurugenzi, usiseme 4.1 ni uongo, maana atakuuliza kwa nini ulimletea. Mwambie ni majibu ya watu 41 kati ya 64, yaliyotolewa mahali ambapo bosi anasoma. Kisha mwombe ruhusa ya jambo moja: kuanzia Jumatatu, maagizo ya grupu yakome saa kumi na mbili jioni kwa mwezi mzima, na wewe uendelee kuhesabu.