Mzee akikataa bakora

Wazee wengi wakiikataa bakora, si kwa kuwa haiwasaidii. Wanaogopa macho ya watu. Baba yangu alikuwa vivyo hivyo. Magoti yamesagika, akiinuka kitini anashika meza, akitoka barazani anashika ukuta, lakini umtajie mkongojo anakukata kauli: "Mwanangu, mimi sijafika huko." Ukutani kwetu Tanga, usawa wa kiuno, rangi ilishaingia weusi kwa mkono wake, na bado hajafika huko.

Na huyu ni mtoto wa mtu ambaye hakutoka nyumbani bila bakora tangu miguu yake ikiwa mizima kabisa. Kwa babu ilikuwa sehemu ya mavazi: kanzu, koti, kofia ya viua, bakora. Mwanamume aliyekwenda Ijumaa au kuposa mikono mitupu alionekana kama hakumaliza kuvaa. Wakubwa nao walikuwa na vyao vya kushika. Mwalimu Nyerere na kifimbo chake, Mzee Kenyatta na usinga, Moi na rungu, wala hakuna aliyewauliza kama miguu inawauma. Hata leo kuna misikiti ya Pwani ambako khatibu akipanda mimbari anashika asa, yaani fimbo, na Lamu wakati wa Maulidi wanaume husimama safu wakacheza goma na bakora zao mikononi, wengine vijana wa kukimbia mpira.

Kwetu wengine imetutoka taratibu. Kanzu ikawa ya Ijumaa na harusi, safari ya kwenda kwa miguu ikawa ya daladala na bodaboda, mkono uliokuwa na bakora ukashika simu. Fimbo ikabaki kwa watu wawili: mwalimu wa zamu na mgonjwa. Kijana wa siku hizi ukimtajia bakora, kinachokumbuka kwanza ni makalio yake. Sasa wewe unamletea mzee wako fimbo ya aluminiamu ndani ya mfuko wa duka la dawa, halafu unashangaa anaisukumia uvunguni?

Kwa hiyo kama una mzazi wa namna hiyo, usiilete kama dawa. Ilete kama vazi. Sisi tulingoja harusi ya mpwa wangu. Nikamwambia baba, wewe ndiye mkubwa wa ukoo, utakaa mbele, na kanzu na joho bila bakora havikai sawa. Tukaenda dukani pamoja, akachagua mwenyewe. Kuchagua mwenyewe ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Siku ya harusi wenzake wa barazani wakamsifu, "Leo umekuwa Sharifu!" Kesho yake asubuhi nikamwona anakwenda nayo dukani kununua mkate. Sikusema kitu.

Ila bakora ya kupendeza si lazima iwe ya kuegemea, na hapa ndipo panahitaji ukali kidogo. Zile za mpingo zinazouzwa kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, ni nzuri sana machoni, lakini mpingo ni mti mzito mno, hata ukiutia majini unazama. Mzee mwenye mkono dhaifu atachoka kabla hajafika getini. Na zile zilizochongwa sura ya mtu kwenye mshikio zinauma kiganja. Hizo ziwe za sherehe. Ya kila siku iwe nyepesi, na mshikio laini. Mshikio uliopinda kama ndoano una faida yake: unaning'inia mkononi wakati wa kuhesabu nauli au kusalimiana. Anayeegemea uzito mwingi afadhali mshikio bapa, kiganja kilale chote. Zile za miguu minne huwafaa waliopata kiharusi, lakini ndani ya nyumba yenye sakafu sawa. Uwani kwenye mchanga na mizizi ya mwembe, mguu mmoja ukining'inia hewani, zinayumba.

Urefu usikisie. Mzee avae viatu anavyotembelea, asimame wima, mikono ining'inie. Juu ya mshikio pafike kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Akiishika, kiwiko kiwe kimekunjika kidogo. Ikiwa ndefu utaona bega limepanda kama anabebeshwa ndoo upande mmoja. Ikiwa fupi atainama, na mgongo utaanza kudai haki yake. Ya aluminiamu ina matundu na kitufe cha kurekebishia. Ya mti ikatwe upande wa chini, kidogo kidogo, ukishatoa kwanza kile kiatu cha mpira. Fundi seremala yeyote wa mtaani ataimaliza mara moja.

Halafu mkono. Watu wengi huishika upande wa mguu unaouma, na waigizaji wa runinga ndio kabisa. Ni kinyume. Goti la kulia likiuma, bakora ikae kushoto, na iende mbele pamoja na huo mguu wa kulia, ili mguu mbovu unapokanyaga, uzito ugawane na fimbo. Goti la baba lililo baya ni hilo la kulia. Kwanza alinuna: kushika kitu cha heshima kwa mkono wa kushoto? Baadaye akagundua kuwa wa kulia umebaki huru kwa kupeana mikono, na neno hilo likaisha.

Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza. Kushuka, bakora na mguu mbovu hutangulia. Palipo na reli ya kushika, ashike kwa mkono ule mwingine. Sasa kuna daladala. Konda wetu wote wana wimbo mmoja, "mguu wa kushoto, mguu wa kushoto," kwa sababu gari halijasimama vizuri. Kwa mzee mwenye goti baya la kulia wimbo huo haumfai, maana wa kulia ndio unaotakiwa kutangulia kushuka. Mwambie konda mapema, si kituoni: "Simamisha kabisa, kuna mzee anashuka." Ninavyoona mimi, bakora ikionekana wanasikia haraka zaidi. Abiria nao hupisha kiti bila kuombwa, jambo ambalo goti peke yake haliwezi, kwa kuwa goti halionekani.

Usiku ndio hatari zaidi. Mzee anaamka kwenda msalani, bakora ameiacha nyuma ya mlango wa sebuleni. Wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ikae kando ya kitanda, upande anaoshukia, na taa ya korido iachwe inawaka. Chooni na pa kutawadhia pakaushwe: vigae vilivyolowa havijui bakora wala nini. Na wajukuu waambiwe kuwa ile si farasi.

Kuna mambo mawili ambayo bakora haiyamalizi. Mzee ambaye juzi alitembea vizuri na leo upande mmoja umelegea, au mdomo umepinda, au maneno hayaeleweki, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na anayeanguka anguka hata akiwa na fimbo, aonwe na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Huenda ni presha, macho, au dawa anazotumia.

Pia usichanganye hii na fimbo nyeupe ya mtu asiyeona, ile inayoadhimishwa kila 15 Oktoba. Ile si ya kuegemea, ni ya kupapasia njia. Ukitaka kumsaidia mwenye fimbo nyeupe usimvute kwa fimbo yake. Msalimie, mwulize, umpe mkono wako aushike yeye.

Mwisho, kiatu cha mpira cha chini. Nunua vya akiba siku hiyo hiyo unaponunua bakora, kwa sababu vipimo hutofautiana na baadaye utazunguka maduka ya vifaa tiba ukitafuta kinachoingia. Fundi viatu anaweza kukukatia cha tairi, ila mwambie asipige msumari kwa chini, mpira ukilika unatokeza na sakafuni unateleza. Kikague mara kwa mara. Cha baba huisha upande mmoja, ule wa nje. Nikiona mistari yake imefutika nabadilisha bila kumwuliza, maana nikimwuliza atasema bado kizima.